Mti Hupandwa Januari, Hufa Septemba

Mwaka wa kwanza wa kikundi chetu cha kujitolea tulipanda miche 200 kwa asubuhi moja. Ilikuwa Jumamosi ya katikati ya Januari, mvua imenyesha usiku kucha, na udongo mwekundu wa mtaa wetu, huku pembezoni mwa Manispaa ya Iringa, ulikuwa umelainika kiasi kwamba jembe lilizama lenyewe. Walikuja wazazi, vijana wa bodaboda, kwaya mbili, mwenyekiti wa mtaa na mtendaji. Tulizunguka uwanja wa shule ya msingi, tukapanda eneo la wazi linalopakana nao, na miche iliyobaki tukaishusha bondeni kwenye kijito. Mama mmoja alileta togwa ndoo nzima. Watu waliondoka wakiimba.

Mwishoni mwa Oktoba nilizunguka peke yangu na daftari, nikihesabu. Ilikuwa imebaki miche 37.

Nilishika vijiti vikavu vingi siku ile. Vingine mbuzi walikuwa wamevitafuna hadi nusu. Vingine mchwa walikuwa wamemaliza mizizi, ukivuta kinakuja chote mkononi. Vilivyoniumiza zaidi ni vile ambavyo havikuguswa na mnyama wala mdudu. Vilikauka kwa kiu, hatua thelathini kutoka bomba la shule. Kila halmashauri nchini ina lengo la kupanda miti milioni 1.5 kwa mwaka, nasi tulikuwa tumetoa taarifa yetu kwa mtendaji: miche 200. Hakuna aliyerudi kuandika 37.

Tangu hapo tumekwenda misimu mitano. Wengi mnaniuliza kikundi cha kujitolea mtaani kinaanzaje na kinadumuje, hasa kikishika mambo ya shule na mazingira kwa pamoja. Nitawaambia tuliyoyapitia.

La kwanza ni kalenda. Huku kwetu mvua ni msimu mmoja tu. Inaanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, Aprili inakata. Baada ya hapo ni baridi kavu ya Juni na Julai, kisha ule upepo wetu wa Agosti na Septemba unaokausha hata nguo nzito kabla ya saa sita. Anayepanda tarehe 1 Aprili, Siku ya Taifa ya Kupanda Miti, ameupa mche wiki chache tu za kunywa. Anayepanda tarehe 5 Juni, Siku ya Mazingira Duniani, ameuzika. Siku hizo ziadhimishwe, nami nahudhuria, lakini sisi tarehe 5 Juni tunapalilia, tunatandaza majani makavu na kukarabati uzio wa miiba. Mashimo tunachimba Novemba, futi mbili kwa futi mbili, udongo wa juu upande huu, wa chini upande ule, samadi iliyooza vizuri ikisubiri. Mvua ya tatu nzito ikishapita ndipo tunapanda.

La pili, msianze na miche, anzeni na maji. Miche hupatikana. Ukiandika barua na kumfuata afisa misitu kwa adabu, mara nyingi hutoki mikono mitupu. Swali gumu ni nani atabeba ndoo mwezi wa tisa. Piga hesabu hii kabla ya kuomba: mche mmoja lita tano, mara mbili kwa wiki. Ndoo ya lita 20 inatosha miche minne. Ukiwa na miche 60, hizo ni ndoo 15 kwa mzunguko mmoja, ndoo 30 kwa wiki, wiki baada ya wiki, tangu Mei hadi Novemba. Ukishaiona hesabu hiyo hutapanda 200 tena. Sisi sasa tunapanda 60 kwa mwaka, na mwaka jana ilivuka kiangazi 52.

Chupa za maji za lita moja na nusu zimetusaidia sana. Tunaziokota siku ya usafi, ile Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Unatoboa kifuniko kwa sindano iliyopashwa moto, tobo moja dogo tu, unakata kitako, unafukia shingo ardhini kwa mshazari kuelekea mizizi, halafu unajaza maji kupitia kule kwenye kitako. Maji yanatoka tone kwa tone, hayakimbii juu ya udongo mkavu. Tobo likiwa kubwa chupa inaisha kabla hujafika mche wa pili, kwa hiyo jaribuni kwanza nyumbani. Majani ya kutandaza yasiguse shina, acha nafasi ya kiganja, la sivyo umewakaribisha mchwa. Na mkishapanda, hesabuni viriba, ile mifuko ya plastiki ya miche. Tukitoka na miche 60 lazima turudi na viriba 60. Nchi hii imepiga marufuku mifuko ya plastiki tangu tarehe 1 Juni 2019, haipendezi watu wa mazingira wawe ndio wanaotapakaza plastiki nyeusi kwenye uwanja wa watoto.

Sasa shule. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo tulipojifunza kwa uchungu.

Mwaka wa pili tulikubaliana na shule kwamba wanafunzi watasaidia kumwagilia siku za wiki. Tukafurahi, tukaona tumepata mikono mia kadhaa. Siku moja mwezi wa saba nilipita asubuhi nikamkuta mtoto wa darasa la tano anamwagilia huku analia, sweta limelowa, na baridi ile mnaijua. Nikamuuliza, "Mwanangu, kuna nini?" Akasema, "Nimechelewa namba." Nikaanza kuulizia taratibu. Kumbe kumwagilia ndiyo ilikuwa adhabu. Aliyechelewa, ndoo tano. Aliyesahau daftari, ndoo tano. Aliyeongea darasani, hivyo hivyo. Wiki hiyo hiyo msederela wetu mzuri kuliko yote, uliokuwa umenifika kifuani, ulikutwa umevunjwa katikati. Haukuvunjwa na mbuzi.

Mtoto akiadhibiwa kwa mti, atalipiza kwa mti. Nilikuwa na hasira, lakini namshukuru mume wangu aliyenizuia nisiliibue jambo hilo kwenye kikao cha wazazi. Nilikwenda ofisini saa tisa mchana, watoto wameshatoka. "Shikamoo mwalimu." "Marahaba mama, karibu." Nikaeleza nilichoona. Mwalimu mkuu alinyamaza kidogo kisha akaniambia, "Mama, nina watoto wengi na walimu wa kuhesabu. Adhabu hii angalau haina fimbo." Sikuwa na la kujibu papo hapo. Alikuwa anasema kweli yake, na mimi nilikuwa sijawahi kusimama mbele ya darasa lenye watoto zaidi ya tisini.

Tulichokubaliana baada ya vikao viwili na kamati ya shule ni hiki: kila darasa lina miti yake, na kumwagilia ni zamu ya heshima. Mtoto aliye kwenye adhabu haruhusiwi kugusa ndoo. Mwalimu wa hisabati wa darasa la nne akaongeza la kwake, watoto wapime kimo cha miti yao kila mwisho wa mwezi na kuchora grafu. Nimewahi kuona wavulana wawili wakigombana kwa sababu mmoja aliinamisha rula ili mti wa darasa lake uonekane mrefu. Tangu utaratibu huo uanze, haujavunjwa hata mti mmoja kwa makusudi.

Kuna mtego mwingine ambao watu wengi hawauoni. Darasa la saba wanafanya mtihani wa taifa Septemba, kisha wanaondoka, na Septemba ndiyo mwezi unaoua. Kwa hiyo wanakabidhi miti yao kwa darasa la kwanza mapema Agosti. Mkubwa anamshika mdogo mkono, anamwonyesha chupa, anamwonyesha mahali mchwa wanapopitia. Likizo ya Juni na ya Desemba ni zamu yetu watu wazima, pamoja na mlinzi. Nawasihi, mlinzi wa shule mumwalike kwenye kikao tangu siku ya kwanza. Ndiye anayejua geti gani halifungi, mbuzi wa nani wanaingia saa ngapi, na bomba linatoa maji usiku au alfajiri. Mwaka wa kwanza hatukumwuliza chochote. Mwaka wa pili nilipompa kiti na chai alizungumza nusu saa nzima, na mengi tuliyofanya baadaye yalitoka kinywani mwake.

Bondeni kulikuwa na somo jingine. Kando ya kijito watu wanalima vinyungu, yaani bustani za bondeni za mboga na mahindi ya kiangazi, na wengine wamesomesha watoto kwa vinyungu hivyo. Sisi tulishuka na miche ya mikaratusi kwa sababu ndiyo tuliyopewa. Pia tulishuka na sheria. Tulikuwa tumesoma kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Tukaanza kuwasomea watu. Mama mmoja aliyekuwa anapalilia figiri aliinua mgongo akasema, "Mnapanda miti inayokunywa maji yangu, halafu mimi ndiye naharibu chanzo?"

Alikuwa sahihi. Mkaratusi unakua haraka na unakunywa sana, si mti wa kupanda kwenye chanzo cha maji. Tuliing'oa yote ikiwa bado midogo. Tukawauliza wazee, wakatutajia mivengi na mikuyu, miti ambayo imekaa kwenye mabonde haya tangu zamani na maji hayaikimbii. Na yule mama? Tulikaa naye kwenye tuta lake, mwenyekiti wa mtaa akiwapo, tukakubaliana kwamba kila msimu atarudi nyuma matuta matatu, na sisi tutapanda pale alipoacha. Matuta matatu ni kidogo, najua. Lakini miche aliyoipisha yeye mwenyewe anailinda dhidi ya ng'ombe kuliko ambavyo ningeilinda mimi. Kijito kile kinaingia Ruaha Mdogo, Ruaha Mdogo unaingia Ruaha Mkuu, na maji hayo ndiyo yanayokwenda bwawa la Mtera kuzalisha umeme. Sheria ni ya haki na ina sababu. Ila ukitangulia nayo kabla ya salamu, umepoteza mtu ambaye ungemhitaji miaka kumi.

Eneo la wazi nalo linahitaji karatasi kabla ya jembe. Nendeni ofisi ya mipango miji ya halmashauri yenu, ombeni kuonyeshwa ramani ya mtaa, mjue eneo limetengwa kwa matumizi gani. Kisha jambo liende kwenye mkutano mkuu wa mtaa, liandikwe kwenye muhtasari, mwenyekiti na mtendaji wasaini, nanyi mbaki na nakala. Sisi hatukuwa na karatasi mwaka wa tatu alipotokea mtu na matofali, akamwaga lori zima juu ya miche yetu kumi na moja. Muhtasari ungekuwepo, tungemaliza siku hiyo hiyo. Ilituchukua miezi minne, na miche haikurudi. Leo pale pana viti vya magogo na kivuli cha kwanza cha migrevilea, na jioni wazee wanacheza bao.

Fedha nitasema kwa ufupi. Tangu Januari 2016 shule zetu za msingi za serikali zinaendeshwa kwa elimu bila malipo, kwa hiyo mchango wenu ni hiari kamili. Usikusanywe na mwalimu, usitumwe kwa mtoto, na jina la asiyechanga lisitajwe popote. Tunapokea mkononi au kwa simu ya mweka hazina, na kila mwisho wa mwezi karatasi ya mapato na matumizi inabandikwa kwenye ubao wa ofisi ya mtaa, hata kama ni shilingi 6,000 za misumari. Asiye na fedha anatoa ndoo. Ndoo tunazihitaji zaidi.

Msivunjike moyo kwa idadi. Januari tunakuwa watu 80, Septemba tunabaki tisa au kumi. Zamani nilikuwa nawanung'unikia wanaokuja siku ya togwa tu. Siku hizi nawaomba kitu kimoja kabla hawajaondoka: kila mtu aandike jina lake kwenye daftari mbele ya namba ya mti mmoja na wiki mbili za kiangazi atakazoushika. Wapo wanaosahau. Nawapigia, nawaamkia, nawakumbusha wiki yao, na wengi wanakuja na ndoo mkononi wakiomba radhi.

Wiki hii zamu ya mti namba 14 ni ya kijana mmoja wa bodaboda wa kijiwe cha karibu na shule. Alfajiri ya leo nimemkuta ameegesha pikipiki, dumu mbili zimefungwa nyuma kwa mpira, anajaza chupa. Mti namba 14 ni mwembe. Amenionyesha kichipukizi chekundu kilichotoka juzi, amekikinga na upepo kwa kipande cha kiroba.