Ukurasa wa Wasomaji: Tarehe 16 Aprili inakuja na wazazi roho mkononi

Wiki hizi meseji zenu zimejaa jambo moja tu, shule. Wasomaji wetu wengi mlioko Uingereza mna watoto wanaotakiwa kuanza Risepsheni, yaani mwaka wa kwanza kabisa wa shule ya msingi, mwezi wa tisa, fomu zilifungwa tarehe 15 Januari na majibu yanatoka tarehe 16 Aprili, hapo katikati ni miezi mitatu ya kukaa na kuwaza. Nimechagua meseji chache zinazobeba maswali ya wengi, anayeona lake halipo asome tu, atalikuta ndani ya la mwenzie.

Shikamoo anti. Mimi niko Leicester, mtoto wangu wa kwanza anaanza Septemba na kiukweli silali. Nimeweka shule tatu, ya kwanza ndo hiyohiyo anayosoma nasari sasa hivi, iko mtaa wa pili, marafiki zake wote wako pale na sweta ya kijani yenye nembo nshamnunulia, analala nayo. Sasa rafiki yangu kaniambia nimejiharibia, eti ile shule ya pili kwa vile nimeiweka namba mbili watachukuliwa kwanza wale walioiweka namba moja, so nikikosa ya kwanza nimekosa zote. Mume wangu anasema bora tungeandika ile moja mara tatu wajue tuko siriasi. Mama mkwe anapiga simu toka Tanga kila jioni, nyie si mwende mkaongee na mwalimu mkuu! Nimeenda, mama wa watu kanipokea vizuri, kacheka na mtoto, ila hajasema lolote la maana. Nifanye nini? *Mama wa sweta ya kijani*

Marahaba mdogo wangu. Tuanze na rafiki yako manake hilo ndo linakunyima usingizi na sio kweli. Shule haioni umeiweka namba ngapi. Kaunsili, yaani halmashauri ya mji wenu, inachukua jina la mtoto inalipeleka kwenye shule zote tatu kama mwombaji wa kawaida, kila shule watoto wanapangwa kwa vigezo vyake vilivyotangazwa, wa kwanza mpaka wa mwisho, alafu orodha zinarudi kaunsili na hapo ndo namba zako zinatumika: kama mtoto amepata nafasi shule mbili, anapewa ile uliyoiweka juu na nyingine inakwenda kwa mtoto wa mtu mwingine. Zamani kulikuwa na shule zinazotanguliza walioziweka namba moja, utaratibu huo ulishapigwa marufuku England. Kwahiyo ulivyopanga umepanga sawa, ile unayoitaka juu, inayofuata chini yake, basi. Na mumeo mwambie kwa upendo kwamba kuandika shule moja mara tatu kunahesabika kama chaguo moja, mbili zilizobaki mngekuwa mmezitupa.

Sasa vigezo vyenyewe, maana hapa ndo penye shule yenyewe. Mtoto ambaye ana mpango maalumu wa mahitaji ya elimu unaotaja shule hiyo kwa jina lazima apokelewe. Wanafuata watoto wanaolelewa na serikali au waliowahi kulelewa hivyo. Baada ya hapo kila shule ina mpangilio wake lakini mara nyingi ni wenye kaka au dada pale shuleni, alafu umbali toka nyumbani. Shule za dini zinaweza kuangalia ubatizo au barua ya padri na zina fomu yao ya ziada. Umbali kwa kawaida kompyuta inaupima kwa mstari ulionyooka toka kwenu mpaka shuleni, haijalishi basi linazungukia wapi, ingawa ziko sehemu zinazopima njia ya kutembea. Na hautulii mwaka hadi mwaka. Mwaka ambao wadogo zao waliopo ni wengi, nafasi zinaliwa na familia hizo na aliye mtaa wa tatu anakosa, mwaka unaofuata aliye mbali kuliko yeye anapata. Kaunsili nyingi zinatangaza mtoto wa mwisho kupata nafasi mwaka jana alikuwa umbali gani, ingia kwenye tovuti yao utafute shule zako tatu, ulinganishe na nyumbani kwako. Haikupi uhakika ila inakupa picha kuliko maneno ya getini.

Hili la nasari najua litakuuma. Kusoma nasari ya shule hakumpi mtoto tiketi ya Risepsheni ya shule hiyohiyo, ni ombi jipya kabisa na ndo maana ulijaza fomu. Ziko shule chache zinazowapa kipaumbele fulani watoto wa nasari yao, lazima iwe imeandikwa kwenye vigezo, soma. Sweta itunze na risiti yake, na mwombe mtoto alale na kitu kingine kwa sasa.

Mama mkwe namwelewa sana. Kule nyumbani uandikishaji wa darasa la kwanza unakwenda shuleni mwenyewe, unaonana na mwalimu, mtu anamjua mtu, na mtoto anaandikwa. Hapa mwalimu mkuu hana kalamu ya kuandika jina la mtoto wako, hata akimpenda vipi. Kama angekuahidi kitu angekuwa anavunja taratibu. Alivyokupokea vizuri bila kuahidi chochote amekufanyia haki wewe na mwenzio ambaye Kiingereza chake ni kidogo na hakujua hata aende kuongea na nani. Mimi hilo nalipenda kwenye mfumo huu na nalisema wazi, sisi wageni wa juzi tusiojuana na mtu yeyote ndo linatulinda zaidi.

Cha kufanya wiki hii: hakikisha unaikumbuka paswedi ya akaunti uliyoombea, maana kila mwaka kuna mzazi anayehangaika siku yenyewe. Kila kaunsili ina saa yake ya kutoa majibu, kwingine asubuhi na mapema, kwingine jioni, na imeli inaweza ikaangukia kwenye spamu. Aliyeomba kwa karatasi anasubiri posta. Ikitokea tarehe 16 imeangukia wikendi, ni siku ya kazi inayofuata. Na kama mmehama tangu Januari iambieni kaunsili leo. Anwani ya uongo msithubutu, ikigundulika nafasi inanyang'anywa.

Habari anti, mimi ni baba, tuko Reading, kwetu ni Nakuru. Mwaka jana jirani alipewa shule ambayo hata hakuichagua, iko mbali, na mimi naona yatanikuta hayohayo. Mabinamu wangu wananishauri nikipewa shule mbaya niikatae siku hiyohiyo, kaunsili italazimika kunitafutia nyingine kwa sababu mtoto ni lazima asome. Na rufaa inasaidia? *Baba Shiru*

Nzuri ndugu yangu. Usikatae. Nakuomba tena, usikatae.

Ukipewa shule usiyoitaka, ikubali ndani ya muda waliokupa, hata kama imekukera. Kuikubali hakukutoi kwenye orodha ya kusubiri ya shule unayoitaka na hakukuondolei haki ya rufaa, hata kidogo. Ukiikataa inakwenda kwa mtoto mwingine, na kaunsili ikishakupa nafasi moja inayofaa haina deni la kukutafutia ya pili kwa vile tu ile hukuipenda. Nimeona familia inaingia Septemba mtoto yuko nyumbani na mama kapunguza shifti za kazi, wanasubiri simu, kwa sababu ya ushauri kama huo wa mabinamu. Jirani yako alipewa shule asiyoichagua kwa sababu alizochagua zote zilijaa watu walio juu yake kwenye vigezo, na hapo kaunsili inatafuta shule yenye nafasi. Kama shule hiyo ndo ya karibu inayofaa kwa mtoto na ni zaidi ya maili 2, yaani kama kilomita 3.2, mtoto wa chini ya miaka 8 ana haki ya usafiri wa bure, uliza.

Siku hiyohiyo unayokubali, hakikisha jina limeingia kwenye orodha ya kusubiri ya kila shule uliyoiweka juu ya hiyo. Kwingine linaingia lenyewe, kwingine lazima uombe, so piga simu. Orodha haiendi kwa nani alitangulia kujiandikisha, inapangwa kwa vigezo vilevile, kwahiyo ukiwa namba 3 leo akahamia mtu aliye karibu zaidi na shule unaweza kuwa namba 4 kesho, usidhani umechezewa. Shule inatakiwa kuitunza angalau mpaka tarehe 31 Desemba. Na inatembea kwelikweli, kuanzia mwezi wa tano watu wanahama, wengine wanapeleka watoto shule za kulipia, wengine wanapanda kwenye orodha ya shule nyingine na kuacha pengo. Hata wiki ya kwanza ya Septemba kuna watoto wasiotokea. Alafu siku hizi watoto wanaozaliwa wamepungua, London kuna shule za msingi zilizofungwa au kupunguza madarasa kwa kukosa watoto, kwahiyo mtaa uliokuwa na vita ya nafasi miaka ya nyuma leo unaweza ukawa shwari.

Rufaa sasa. Ni bure, unapewa siku zisizopungua 20 za shule kuipeleka, unasikilizwa na jopo la watu watatu au zaidi ambao hawafanyi kazi pale shuleni wala hawahusiki na uamuzi, unaweza kwenda na mtu wa kukusaidia, na kama Kiingereza cha kikao kinakupa hofu omba mkalimani mapema. Uamuzi wao lazima ufuatwe. Lakini nikuambie ukweli ili usije ukalia mara mbili. Sheria ya mwaka 1998 inasema darasa la Risepsheni, la kwanza na la pili lisizidi watoto 30 kwa mwalimu mmoja. Shule ikijitetea kwa sheria hiyo, jopo linaangalia mambo machache sana: je walikosea kupima umbali wako au kutumia vigezo, na kosa hilo ndo lililomnyima mtoto nafasi? Je vigezo vyenyewe vilikwenda kinyume cha sheria? Au uamuzi ulikuwa wa ajabu ambao mtu mwenye akili timamu asingeufanya? Kwamba shule ni nzuri, kwamba binamu zake wanasoma pale, kwamba wewe unaingia kazini saa 12 asubuhi, watakusikiliza kwa huruma na watakukatalia. Kwahiyo kabla ya rufaa omba kaunsili ikuandikie walikupima mita ngapi na mtoto wa mwisho kuingia alikuwa mita ngapi. Ukiona namba zako haziendani na ukweli hapo una kesi, nenda nayo. Usipoona kosa, nguvu zako zote weka kwenye orodha ya kusubiri.

Anti naomba usiandike mji. Viza yetu imeandikwa haturuhusiwi fedha za umma. Je mtoto akipata shule ya serikali si tutakuwa tumetumia fedha za umma? Na watanidai pasipoti? Naogopa hata kufungua hiyo imeli.

Mwanangu, ifungue. Shule ya serikali haimo kwenye orodha ya fedha za umma inayosemwa kwenye viza, hizo ni posho na nyumba na mambo ya namna hiyo. Mwanao anaishi hapa na wewe, anasoma kama wenzie. Wanaweza kutaka uthibitisho wa anwani na, akishapewa nafasi, uthibitisho wa tarehe ya kuzaliwa. Hata hapo kanuni za udahili zinawakataza kudai cheti kirefu cha kuzaliwa chenye habari za wazazi. Pasipoti ya kuamua nani apewe nafasi, hapana. Na tangu Septemba 2014 watoto wote wa Risepsheni mpaka mwaka wa pili katika shule za serikali England wanakula chakula cha mchana bure, wote, na wako yumo.

Mwanangu kazaliwa mwisho wa Agosti, ataanza akiwa na miaka minne na siku kadhaa tu, bado ananing'ang'ania mguuni nikimwacha nasari. Naweza kumchelewesha? *Mama K, Milton Keynes*

Unaweza, ila kuna njia mbili na usizichanganye. Lazima ya kisheria ya kusoma inaanza muhula unaofuata baada ya kutimiza miaka mitano. Kwahiyo ukishapata nafasi unaweza kuomba aanze nusu siku, au achelewe kidogo ndani ya mwaka huohuo wa shule, nafasi wanakuwekea, mradi isivuke mwanzo wa muhula wa mwisho. Hiyo ni haki yako. Njia ya pili ni kutaka aanze Risepsheni mwaka mzima baadaye, hii wanaruhusiwa kuiomba wazazi wa waliozaliwa kati ya 1 Aprili na 31 Agosti, lakini ni ombi tu, wanaosimamia udahili wa shule wanaweza kusema hapana, na ukimzuia nyumbani bila kukubaliwa ataingizwa moja kwa moja mwaka wa kwanza bila kupita Risepsheni. Waandikie sasa hivi kabla ya tarehe 16, eleza hali ya mtoto, na kama mwalimu wa nasari yuko tayari kuandika mistari miwili ambatanisha.

Tumefika Barking mwezi wa pili toka Mombasa, hatukujaza fomu yoyote. Tumechelewa kabisa?

Mmechelewa tarehe, shule bado. Jazeni leo kwenye kaunsili mnayoishi, hata kama shule mnayoitaka iko kaunsili ya jirani, na kwa London mnaruhusiwa kuandika mpaka shule 6, ziandikeni. Fomu yenu itashughulikiwa baada ya za waliowahi, so pigeni simu muulize ni shule zipi za karibu zilizobaki na nafasi na mbili kati ya hizo ziwe kwenye orodha yenu. Kama mna barua ya mwenye nyumba au tarehe ya tiketi inayoonyesha mlifika baada ya Januari, iambatanisheni, kaunsili nyingine zinaliangalia hilo.

Na wa Glasgow aliyeuliza kwa nini yeye hajasikia habari ya tarehe 16, Scotland ina utaratibu wake, mtoto ana shule ya eneo lake na ukitaka nyingine unaiombea. Nitumie umri wa mtoto na tarehe yake ya kuzaliwa nikujibu toleo lijalo.