Barua kwa mwanangu: Wageni wako na miamba ya Kolo

Mwanangu mpendwa,

Assalaam aleikum. Umeniuliza wageni wako kutoka Dar uwapeleke wapi kwa siku mbili hapa Kondoa, kisha ukasema, "Baba, kwetu kuna nini zaidi ya vilima?" Vilima hivyo hivyo ndivyo vya kuwaonyesha.

Siku ya kwanza iwe ya kijiji cha Kolo peke yake, kwenye michoro ya kale ya miambani. Shikeni barabara ya Babati asubuhi na mapema, mpitie ofisi ya michoro palepale Kolo, mlipie na mpewe wa kuwaongoza. Msipande wenyewe, miamba yenye michoro inapita 150 na imetawanyika. UNESCO iliiandika urithi wa dunia mwaka 2006. Vaeni viatu vya kufunga, maana Mongomi, mahali penye michoro hapo Kolo, hupandwa kwa miguu na juu ni jiwe tupu.

Wageni watautazama mwamba waseme hawaoni kitu. Usiwaharakishe. Macho yakizoea, watu wanatokea: warefu, wembamba, wekundu, vichwa vimetuna kwa nywele, mistari yao myembamba kama iliyochorwa kwa unyoya. Pana mmoja wa katikati ameshikwa mikono huku na huku. Wapo wanaosema anatekwa, wapo wanaosema ni mambo ya uganga. Mimi siku zote namwona anashikwa asianguke.

Msiimwagie michoro maji, tafadhali sana. Tulipokuwa wadogo tulifanya hivyo ili rangi iwake. Iliwaka kweli, nyekundu kama udongo uliotoka kunyeshewa, kisha ikakauka, ikafifia. Mpaka leo naumia nikikumbuka. Na mkikuta majivu au dalili za tambiko, msiguse. Wazee bado hupanda kuomba mvua.

Siku ya pili nendeni Pahi mkaone michoro myeupe, mikubwa, iliyochorwa baadaye na wakulima. Mchana mwende ziwa Haubi. Njiani waonyeshe makorongo yaliyochimbwa na mmomonyoko. Mwaka 1979 serikali iliihamisha mifugo yote ya eneo lile ili ardhi ipone. Ng'ombe wetu nao waliondoka, na babu yako alikaa siku nyingi bila kusema na mtu. Lakini tazama miti ilivyorudi.

Jioni mje nyumbani. Nitajie siku mapema, mama yako asage uwele na atafute mlenda.

Baba yako