Kabla hujabomoa nyumba ya zamani, panga kifusi chake kitakwenda wapi

Ndugu uliyeuliza, umesema unabomoa nyumba ya vyumba vinne Magomeni ili ujenge ya ghorofa moja kwenye kiwanja hicho hicho, na kwamba mkandarasi amekuahidi kuzoa kifusi chote kwa tipa, hivyo unataka kujua kama kutenganisha taka ni kujiongezea gharama bure. Nimesimamia ujenzi Dar es Salaam kwa miaka 14. Gharama kubwa iko kwenye kutotenganisha, ila haionekani kwenye makadirio kwa sababu inalipwa kidogo kidogo, na sehemu yake inalipwa na watu wengine kabisa.

Mwaka 2013 nilisimamia ubomoaji wa nyumba inayofanana na yako. Tuliivunja kwa siku mbili. Kuta, dari ya jasi, vigae vya bafuni na fremu za milango vyote viliangukia lundo moja, na dereva akaondoka na tripu baada ya tripu bila mtu yeyote kumuuliza anakopeleka. Dampo la Pugu Kinyamwezi liko mbali, na foleni yake ni ndefu. Wiki mbili baadaye, nikipita bondeni kandokando ya Mto Msimbazi, niliviona vigae vyetu vya buluu vikiwa vimemwagwa ukingoni mwa maji pamoja na mifuko mitupu ya saruji. Kila mkazi wa jiji hili anajua Jangwani inavyojaa mvua za masika zinapokolea, na kifusi kinachotupwa kwenye bonde hilo kinayanyima maji njia mpaka yaingie vyumbani mwa watu. Jambo hilo linaniuma hadi leo. Na mwezi ule ule tulikuwa tukinunua mawe na kifusi cha kujazia msingi, yaani tulilipa tipa kuondoa kitu, kisha tukalipa tipa nyingine ituletee kitu kile kile.

Tangu hapo ninabomoa kwa kufuata kinyume cha mpangilio wa ujenzi. Mabati hutoka kwanza, kisha mbao za paa, ambazo misumari yake inang'olewa hapo hapo kabla hazijapangwa, kisha dari, milango, madirisha, nyaya na mabomba, na kuta huja mwisho zikiwa tupu. Kazi ya siku mbili huwa ya siku tano au sita, lakini mbao, milango na vyuma chakavu vina wanunuzi, na fedha hizo hupunguza sana makali ya malipo ya vibarua. Vipande vya tofali na zege vilivyo safi vinapondwa kwa nyundo hadi ukubwa wa ngumi, vinamwagwa ndani ya msingi na kushindiliwa kwa tabaka chini ya jamvi, yaani zege la sakafu. Usikubali vitumike kama kokoto za zege la nguzo au mihimili, maana uimara wake haujapimwa.

Jasi nayo ikae mbali kabisa na rundo hilo. Ikichanganyika na vifusi vya chini ya sakafu na unyevu ukafika, chumvi ya salfati iliyomo huishambulia saruji, na sakafu hubinuka na kupasuka baada ya muda. Nyumba za mawe za Unguja zilijengwa kwa chokaa, kwa hiyo mawe yake huachana yakiwa mazima. Tofali zetu zilizounganishwa kwa saruji huvunjika, na ndiyo maana ni lazima tujue mapema vipande vitakwenda wapi.

Kwenye jengo jipya, tazama nondo kuliko kitu kingine chochote. Nondo huja ikiwa na urefu wa mita 12. Fundi anayehitaji vipande vya mita 3.5 akikata vitatu, kinabaki kipande cha mita 1.5 kinachoishia kwenye chuma chakavu, yaani sehemu moja ya nane ya fedha uliyoitoa. Ikiwa kwenye mchoro kuna vipande vya mita 5 pia, viwili vya 3.5 na kimoja cha 5 vinatimiza mita 12 bila kubakiza kitu. Fundi wangu wa nondo huandika orodha nzima ya ukataji kwa chaki kwenye kipande cha plaiwudi, na hufuta mstari mmoja mmoja kadiri anavyokata. Hagusi msumeno kabla hatujaipitia orodha hiyo pamoja.

Saruji ikae juu ya vichaga, mbali na ukuta, na iliyoingia kwanza itoke kwanza. Mchanganyiko ukorogwe kwa kiasi kitakachoisha ndani ya saa moja, maana ulioshika kwenye karai hauponi kwa kuongezewa maji. Kila tani ya klinka, yaani yale madonge yaliyochomwa ambayo husagwa kuwa saruji, inayotengenezwa kiwandani huachia zaidi ya nusu tani ya hewa ya ukaa kutoka kwenye mawe ya chokaa peke yake, kabla ya kuhesabu moto wa tanuri, kwa hiyo karai moja linalomwagwa lina hasara inayozidi bei ya mfuko.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imezikabidhi mamlaka za serikali za mitaa jukumu la taka ngumu, basi ulizia halmashauri yako mahali panaporuhusiwa kumwaga kabla hujasaini mkataba. Mahali hapo pawe kifungu cha mkataba, na dereva alipwe kila tripu baada ya kurudi na stakabadhi ya huko.

Mwisho, kagua paa mwenyewe. Ikiwa vigae vyake ni vya asbesto, simamisha kila kitu na uwasiliane na NEMC, chombo cha taifa cha usimamizi wa mazingira, kwa sababu vumbi lake huleta saratani miaka mingi baadaye, na vijana wanaopanda juu kuvivunja kwa nyundo huwa hawajaambiwa.