Ndege asubuhi, meli jioni?

Ndugu, unauliza kama unaweza kutua asubuhi na kupanda meli ya kitalii jioni ileile. Inawezekana, ila mimi nisingethubutu. Fika mji wa bandari siku moja kabla, maana ndege ikichelewa meli haikungoji. Dawa, pasipoti na nguo ya kubadilisha viwe kwenye begi la mkononi. Masanduku makubwa huweza kufika chumbani mwako melini saa kadhaa baada yako. Unaogopa kichefuchefu? Chukua chumba cha katikati ya meli, sitaha za chini, huko kuyumba ni kidogo. Simu iweke hali ya ndege, mtandao wa baharini hutafuna hela balaa! Na viza: ukishukia nchi nyingine kisha ukarudi ulikoanzia, huenda ukahitaji ya kuingia zaidi ya mara moja.