Nilipiga pasi kwenye dabo ya mume wangu, sasa ameninunia

Mwanangu, barua yako nimeisoma mara mbili. Katika briji, mchezo wa karata wa wawili dhidi ya wawili, mpinzani alifungua mnada kwa Kopa 3 (dau la kushinda mizunguko tisa Kopa zikiwa turufu), mumeo akatia dabo (tamko la kuzidisha malipo ya dau), aliyefuata akapiga pasi (hakunadi), nawe mwenye Jeki wa Shupaza na Malkia wa Pau tu ukapiga pasi pia. Wapinzani wakatimiza dau, mkapoteza 530, mume akabwaga karata mbele ya wageni, na tangu Alhamisi hamsemeshani. Unaniuliza: "Shangazi, asiye na kitu mkononi aseme nini?"

Aseme, mwanangu, tena hasa asiye na kitu. Dabo ile haikuwa ya kuwaadhibu wapinzani. Alikuwa anakuuliza: Kopa ni haba kwangu, aina nyingine tatu ninazo, wewe umejaaliwa ipi? Ukipiga pasi unamjibu kwamba Kopa zako ni nzito na mtawaangusha. Zako zilikuwa 7, 5 na 2! Bila dabo wangepata 140. Dabo ndiyo iliyowafikisha kwenye gemu, kiwango chenye zawadi kubwa.

Shupaza ulikuwa nazo nne. Basi ni Shupaza 3, hata kama mkono unatetemeka. Mngeanguka mizunguko miwili bila kutiwa dabo, mngelipa 100 tu, maana hamkuwa hatarini, hali ambayo faini huwa kubwa zaidi.

Siku ukiwa na alama 11 za karata kubwa na Shupaza hizohizo nne, usiseme tena 3, atadhani ni umaskini uleule. Ruka hadi 4. Ila kwa alama 7 usiruke: anayetia dabo juu ya dau la 3 ameshazikopa hizo 7 kwako kabla hujafungua kinywa.

Wakifungua kwa Kopa 2 na mwenzako akatia dabo, kubalianeni mtumie Lebensohl, mbinu ya kutofautisha mkono mnyonge na wenye nguvu kiasi. Mnyonge mwenye Pau husema 2 bila turufu, mwenzake husema Pau 3, kisha mnyonge anapiga pasi. Ukisema Pau 3 moja kwa moja, umemwambia una alama kama 8 hadi 11.

Sasa mume. Kosa la mnadani ni lako, la kubwaga karata ni lake, na hilo lake ndilo lililoniuma. Je, mliwahi kukaa mkaelewana dabo hiyo maana yake nini? Barua yako haisemi.

Usiku wa leo mwekee chai mezani. Toeni Kopa saba, muwape wapinzani wa kubuni, zilizobaki zichanganyeni mgawane. Yeye atie dabo, wewe ujibu, mara kumi. Na akipandisha sauti, weka karata chini taratibu, umwambie ulivyojisikia Alhamisi mbele ya wale wageni.