Usiiamini "Ndiyooo Mwalimu"

Mwalimu uliyepangiwa huku kwetu Kigoma, karibu. Baridi ya Kasulu utaizoea, na tope jekundu la masika utalizoea pia. Mimi nataka kukuonya mapema kuhusu jibu moja utakalolisikia tangu kipindi cha kwanza.

Utauliza, "Mmeelewa?" Watoto tisini watakuitikia kwa sauti moja ya kutikisa bati: "Ndiyooo mwalimu!" Usiiamini. Wanaitikia hivyo kama wanavyoitikia salamu, maana nani ataitikia salamu kwa kusema hapana? Mimi niliiamini miaka yangu miwili ya mwanzo. Nilikuwa na darasa la pili lililokaa kimya kama msibani, mwandalio wa somo uliopigwa mistari kwa rula, na rundo la madaftari yenye makosa yaleyale kila Ijumaa.

Tulikuwa kwenye kutoa kwa kukopa, 42 toa 17. Mvulana mmoja wa dawati la nyuma, aliyekuwa anakariri darasa, kila siku ananiletea 35. Ukitazama utaona alikopita: saba toa mbili, tano; nne toa moja, tatu. Yeye popote palipo na namba kubwa anaitolea ndogo, iwe juu iwe chini. Nilimweleza ubaoni mara tatu. Umeelewa? Ndiyo mwalimu. 35.

Nikageukia ubao kuandika swali jingine, nikasikia minong'ono nyuma, tena ya Kiha, lugha ya nyumbani huku kwetu, na enzi hizo kwetu Kiha darasani lilikuwa kosa. Nikaenda na hasira zangu. Nilipofika nikamkuta msichana anayekaa naye ametandika mezani mafungu manne ya vijiti, kila fungu vijiti kumi vilivyofungwa kwa kamba ya mgomba, na vijiti viwili pembeni. Amekinga mkono anadai apewe kumi na saba, aanze na saba. Mvulana akavitazama vile viwili, akamtazama mwenzake. Havitoshi. Msichana hakumtajia jibu. Alichukua fungu moja akamwekea kiganjani, akanyamaza. Mvulana akaligeuzageuza, kisha akaing'ata ile kamba akaifungua kwa meno. Sasa ana vijiti kumi na viwili. Akahesabu saba akampa, akampa na fungu moja zima, akahesabu vilivyobaki: 25.

Haikufika dakika tatu. Mimi nilikuwa nimemaliza wiki nzima.

Chuoni tulimsoma Lev Vygotsky, mwanasaikolojia wa Urusi ya Kisovieti aliyefariki mwaka 1934 kwa kifua kikuu akiwa na miaka 37. Tulimwandika kwenye mtihani, tukamwacha hukohuko. Hoja yake ni kwamba kuna mambo mtoto anayaweza peke yake, kuna yaliyo mbali naye kabisa, na katikati kuna yale anayoyaweza akipata mtu wa kumshika mkono. Hapo katikati ndipo pa kufundishia. Na huyo mshika mkono anaweza kuwa mtoto mwenzake aliyemtangulia kidogo. Mwaka 1976 David Wood, Jerome Bruner na Gail Ross waliwatazama watoto wa miaka 3 hadi 5 wakijenga piramidi ya vipande vya mbao huku wakisaidiwa na mtu mzima, wakaufananisha msaada ule na jukwaa la mafundi wa nyumba: fundi analisimamisha ili aufikie ukuta, ukuta ukishasimama analibomoa. Mimi sikuwa nimejenga jukwaa. Nilikuwa nasimama chini namwambia mtoto aruke.

Baada ya siku ile nikafanya kosa la pili, na hili nalisema kwa kirefu kwa sababu utalifanya na wewe. Nikawachukua vinara wa darasa, nikamkalisha kila mmoja na mtoto wa mwisho. Wiki ya kwanza madaftari yalipendeza mno. Ya pili nikagundua mwandiko ni mmoja. Kinara hana subira. Anaona mwenzake anachelewa, anamnyang'anya penseli anamaliza. Tena alishasahau kutokuelewa kunafananaje. Yule msichana wa vijiti hakuwa kinara hata kidogo. Alikuwa wa katikati, na muhula uliotangulia alikuwa anakosea swali lilelile. Kwa hiyo ukipanga, mtafutie mtoto mtu aliyemzidi hatua moja. Kumi ni nyingi mno. Na usiwe na haraka ya kupanga. Wiki mbili za mwanzo tembea tu katikati ya madawati, usikilize nani anamuuliza nani.

Makundi ya watu wanane mimi siyapendi, ingawa yanapendeza akija mdhibiti ubora. Wawili wanafanya, sita wanasindikiza. Wawiliwawili inatosha, na kwa dawati la watu watatu, yule wa kati mpe kazi ya kuuliza "kwa nini?"

Kuhusu Kiha. Ndiyo, lugha ya kufundishia ni Kiswahili, na usipokikazania utawaumiza mbele ya safari. Lakini mtoto anayeanza shule akiwa na Kiha tupu, ukimfunga mdomo umemfunga na kufikiri. Mimi nawaacha waelezane kwa Kiha dawatini, halafu mmoja asimame atuambie kwa Kiswahili. Akikwama, mwenzake anamchomekea neno.

Kitakachokuharibia haya yote ni kicheko. Mtoto akizomewa mara moja kwa kusema "35", hutamsikia tena hadi la saba. Kwangu kucheka jibu la mtu ni kosa kuliko kuchelewa, na nimewahi kulisimamisha somo zima kwa ajili hiyo.

Jambo jingine dogo: ukiuliza, subiri. Mary Budd Rowe, Mmarekani aliyechunguza masomo ya sayansi, aliona walimu kwa kawaida wanangoja kama sekunde moja tu kabla ya kumrukia mtoto mwingine au kujijibu wenyewe. Wakingoja sekunde 3 au zaidi, majibu yanarefuka na hata watoto wakimya wanaanza kusema. Nikajipima kwa kuhesabu kimoyomoyo. Tatu ni ndefu, nakuambia! Utajisikia kama umesahau somo.

Ipo siku mwalimu mkuu atachungulia dirishani akuulize kama umefungua soko. Wangu alifanya hivyo. Nikamwomba, "Mzee, ingia ukae dawati lolote dakika tano." Alikaa. Alipotoka hakusema kitu, ila hakuchungulia tena.

Vifaa usisubiri. Vijiti viko kila mahali, vizibo vya soda utavipata dukani. Maharage nayo ni mazuri, huku kwetu hayana shida, lakini yahesabu kabla ya kipindi na baada ya kipindi. Mimi niliwahi kugawa 200, yakarudi 140, na hakuna aliyekuwa na jibu la hesabu hiyo.