Migahawa ya Shambani: Maswali Yenu, Majibu Yangu

Mwezi uliopita niliandika hapa kuhusu mchana mmoja nilioutumia kwenye mgahawa ulio katikati ya shamba: meza za mbao zisizopigwa rangi, jiko la kuni lililo wazi, na matuta ya mboga yanayoanzia pale kivuli cha paa kinapoishia. Kilichopikwa kilikuwa kimevunwa asubuhi ile ile. Barua zimekuja nyingi, baadhi zikiwa na hasira. Nimechagua maswali yaliyojirudia zaidi.

"Tulisafiri saa mbili kwenda kula shambani, tukakuta menyu ya vyakula vinne tu, na kimoja kilikuwa kimekwisha. Shamba zima lile wanakosaje chakula?"

Pole kwa safari. Ila menyu fupi ndiyo inayonipa mimi imani.

Shamba lina saa yake. Figili zinahitaji kama wiki 4 tangu mbegu iingie udongoni hadi kung'olewa. Saladi wiki 6 hadi 8, karoti miezi miwili na nusu hivi, boga miezi 3 hadi 4. Kifaranga aliyeanguliwa leo kwa kawaida hatatoa yai la kwanza kabla ya miezi 4 kupita. Kilo moja ya jibini gumu inameza karibu lita 10 za maziwa. Kwa hiyo mpishi anayeamka leo na kuambiwa wageni ni 40 badala ya 25 hana la kuongeza. Chakula cha leo kiliamuliwa miezi kadhaa nyuma na mtu aliyekuwa ameinama na jembe, tena akibahatisha mvua. Mgahawa wa mjini ukiishiwa karoti unapiga simu sokoni, na ndani ya saa moja gunia limefika. Wa shambani ukiishiwa, umeishiwa.

Kisha kuna majuma magumu ya kila mwaka. Wakulima wa Uingereza wanayaita pengo la njaa: mboga za majira ya baridi zimekwisha, na zilizopandwa majira ya kuchipua bado ni miche. Kila eneo lenye misimu lina pengo la namna hiyo, hata kama halina jina. Hapo ndipo utakapomjua mpishi hodari, kwa alichokihifadhi wakati wa neema: nyanya zilizokaushwa, kabichi iliyochachushwa kwa chumvi, achari, maharage makavu, maboga yaliyopangwa stoo. Ukiletewa sahani ya maharage na achari katika majuma hayo, usiione ya kimaskini. Hapo unakula mipango ya mwaka mzima.

Ushauri wangu ni mdogo: unapoweka nafasi, uliza wiki hiyo wanavuna nini. Kama hupendi kilichopo, ahirisha safari. Hakuna atakayekuchukia.

"Nitajuaje kwamba chakula kimetoka shambani pale kweli? Kila mtu siku hizi anaandika 'kutoka shambani' kwenye ubao wake."

Una haki ya kushuku. Mwaka 2016 gazeti la Tampa Bay Times la Florida, Marekani, lilifuatilia migahawa iliyojinadi kwa mazao ya mashamba ya jirani. Liliwauliza wakulima waliotajwa kwenye menyu, na kupeleka baadhi ya vyakula maabara. Madai mengi hayakusimama. Mashamba mengine yaliyotajwa hayakuwa yameuza chochote kwa migahawa hiyo.

Italia wamelichukulia jambo hili kisheria. Tangu mwaka 1985 shamba linaloruhusiwa kupokea wageni na kuwalisha linatakiwa libaki shamba kwanza, ukarimu uwe kazi ya nyongeza kwa mkulima. Sheria iliyofuata ya 2006 ikasema chakula kinachoandaliwa kitokane kwa sehemu ya maana na mazao ya shamba lenyewe na ya mashamba ya eneo lile, na viwango vipangwe na kila mkoa. Napenda mantiki hiyo kwa sababu haidai kila punje itoke pale pale. Inadai ukweli kuhusu kiasi.

Pasipo na sheria ya namna hiyo, tumia macho na mdomo. Fika mapema, omba kutembezwa bustanini kabla ya kula. Bustani inayolisha jiko ina mapengo: tuta limevunwa nusu, shina la kabichi limebaki bila kichwa, mahali pengine miche midogo ndiyo kwanza inashika. Bustani iliyojaa sawasawa kila upande, haijaguswa, imepandwa kwa ajili ya picha. Tafuta lundo la mboji. Mahali panapopikwa mboga nyingi maganda lazima yaende mahali.

Halafu uliza swali ambalo watu hawaulizi: "Ninyi hapa mnanunua nini?" Mwenye kusema kweli atajibu bila kusita: chumvi, mafuta, sukari, unga, kahawa. Hakuna shamba linalolima kila kitu. Anayekuambia hawanunui chochote, mtazame vizuri.

Na kama menyu ina nyanya, stroberi, njegere changa na maboga kwa pamoja mwezi wowote utakaokwenda, jibu umeshalipata.

"Kikilimwa nyumbani maana yake hakina dawa, sivyo?"

Sivyo. Maneno hayo yanakuambia kimelimwa wapi, hayakuambii kimelimwaje. Mkulima mdogo naye anaweza kupulizia dawa, na pengine akazidisha kipimo kwa kukosa maelekezo. Muulize anatumia nini na mara ya mwisho alipulizia lini, kwa sababu kila dawa ina idadi ya siku za kusubiri kabla ya kuvuna, nazo zimeandikwa kwenye kibandiko cha chupa.

Uliza na samadi pia. Watu wanaiona salama kwa kuwa ni ya asili, lakini samadi mbichi hubeba vimelea. Kanuni za kilimo hai za Marekani zinataka samadi mbichi ichanganywe udongoni angalau siku 120 kabla ya kuvuna zao ambalo sehemu yake ya kuliwa inagusa udongo, na siku 90 kwa zao lisilogusa. Mboji iliyoiva vizuri ni habari nyingine, haifungwi na siku hizo. Mkulima anayejua tofauti ya vitu hivi viwili ananipa utulivu kuliko cheti chochote kilichotundikwa ukutani.

"Kuku alikuwa mgumu, tena sana. Mhudumu akasema 'ndivyo walivyo kuku wa kienyeji'. Ni kweli au ananizuga?"

Nusu ni kweli. Kuku wa nyama wa kisasa huchinjwa akiwa na wiki kama 5 hadi 7, hajatembea, misuli yake haijafanya kazi. Kuku wa shambani ameishi miezi mingi, amechakura, amekimbia, amepanda miti. Mguu wake umejaa kolajeni iliyokomaa, ile inayoshikilia nyuzi za nyama, na maisha hayo marefu ndiyo yanayompa ladha nzito ambayo yule mwingine hana.

Nusu ya pili ni jiko. Kolajeni hiyo huyeyuka na kuwa jelatini, ute laini, ikikaa muda mrefu kwenye joto la kuanzia nyuzi 70 hivi. Moto mdogo, sufuria iliyofunikwa, saa mbili au tatu. Ukimchoma kuku wa namna hiyo kwa moto mkali kama unavyomchoma broila, utatafuna mpira. Kwa hiyo mhudumu hakukosea kuhusu kuku, alikosea kumsamehe mpishi.

Kuna sababu ya tatu isiyotajwa. Mnyama akishachinjwa misuli yake hukakamaa, kisha baada ya saa kadhaa hulegea. Nyama ikipikwa katikati ya hali hiyo huwa ngumu hata iwe ya mnyama mchanga. Nimewahi kuketi mezani shambani, nikasikia kuku akikamatwa nyuma ya jiko kwa ajili yetu, na nikaona fahari. Saa moja na nusu baadaye sikuweza kumaliza paja. Siku hizi napiga simu siku moja kabla ili achinjwe mapema na apumzike. Upya wa mboga ni sifa, wa nyama una mipaka yake.

"Kiini cha yai kikiwa cha rangi ya chungwa iliyokolea, ni ushahidi kwamba kuku anatembea huru?"

Hapana. Rangi ya kiini hutoka kwenye chakula cha kuku: majani mabichi, mahindi ya njano, na hata viungo vya rangi vinavyotiwa kwenye chakula cha kiwandani. Nenda ukaangalie banda.

"Nina ujauzito wa miezi mitano na mtoto wa miaka mitatu. Tuliletewa maziwa yaliyokamuliwa muda ule ule, bado yana joto la ng'ombe. Nilikataa, mwenyeji akanuna. Nilikosea?"

Hukukosea, mama, na usirudi nyuma siku nyingine. Maziwa mabichi yanaweza kubeba bakteria wa magonjwa: brusela, listeria, wa kifua kikuu cha ng'ombe na aina hatari za E. coli, hata kama ng'ombe anaonekana mzima na mkamuaji ni msafi. Listeria humvuka mama ikamfikia mtoto tumboni na kuharibu mimba. Kwa watoto wadogo, aina fulani za E. coli huweza kuharibu figo.

Dawa yake ni joto. Nyuzi 72 kwa sekunde 15 au nyuzi 63 kwa dakika 30 zinatosha, na kuchemsha kwenye sufuria kunatosha na kuzidi. Sema kwa upole, "Naomba yachemshwe kwanza." Jibini laini lililotengenezwa kwa maziwa mabichi nalo liache mpaka ujifungue.

Huyo wa miaka mitatu lazima atataka kumshika mbuzi. Mwache amshike. Baada ya hapo, kabla hajagusa mkate, mikono ioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka. Jeli ya kusafishia mikono haitoshi kwa mikono yenye uchafu wa zizini. Ukiona shamba linakaribisha watoto kwenye mabanda lakini halina bomba la maji njiani kuelekea mezani, waambie. Hilo ni kosa kubwa kuliko chakula kuchelewa.

"Tulichelewa kama dakika hamsini, wakatupokea kwa uso mkavu."

Jiko la kuni halisubiri, na saladi iliyochumwa kwa ajili yenu ilikuwa inanyauka. Wangeweza kutabasamu, nakubali. Nanyi mngeweza kupiga simu.

"Nilikuta konokono mdogo kwenye saladi. Rafiki zangu wanasema ni dalili ya uhalisia. Mimi nilishindwa kuendelea."

Siungani na rafiki zako. Konokono bustanini ni jambo la kawaida, kwenye sahani ni uoshaji mbaya. Konokono na koa hubeba minyoo inayoweza kumdhuru mtu akiwala wabichi, hata vipande vidogo. Mboga za majani zinatakiwa kutenganishwa jani kwa jani na kuoshwa kwenye maji safi zaidi ya mara moja. Ulikuwa na haki ya kuirudisha, na mpishi mwenye kujali angekushukuru.

"Sili nyama, na mume wangu ana mzio wa karanga. Tunaweza kwenda?"

Ninyi wasiokula nyama mtafurahi kuliko wengi, kwa kuwa mboga ndiyo kazi yao kuu. Uliza tu kama supu imepikwa kwa mchuzi wa mifupa. Kuhusu karanga, toa taarifa siku mnapoweka nafasi, kisha rudia mkifika. Jiko dogo lina mbao moja ya kukatia na kisu kimoja kizuri, na vyote hupita kila mahali.

"Mtindo huu ulianza lini?"

Kula ulichokilima ni kukongwe kuliko mgahawa wenyewe. Kati ya waliokigeuza kuwa mgahawa, namheshimu zaidi Myrtle Allen wa Ireland. Mwaka 1964 alifungua chumba cha chakula cha nyumba yake, Ballymaloe, katikati ya shamba la familia huko Cork, akaruhusu shamba na wavuvi wa karibu wamwandikie menyu kila siku. Miaka 7 baadaye Alice Waters alifungua Chez Panisse mjini Berkeley, California, akipika mlo mmoja uliopangwa kila jioni na kuwatafuta wakulima mmoja mmoja. Wote wawili walimtaja mkulima mbele ya mgeni wakati ambapo sifa zote zilikuwa za mpishi.

"Nilinunua kikapu cha nyanya na mahindi mabichi pale shambani kwa sababu nilivyokula vilikuwa vitamu ajabu. Nyumbani, siku ya nne, ladha imekwenda wapi?"

Nadhani uliviweka kwenye friji vyote kwa pamoja. Nyanya huumizwa na baridi. Watafiti wa Florida walionyesha mwaka 2016 kwamba nyanya iliyoiva ikikaa wiki moja kwenye nyuzi 5, vinasaba vinavyotengeneza harufu yake huzimika, na hata ukiirudisha kwenye joto la chumba harufu hairudi yote. Zipange juu ya meza, kikonyo kikitazama chini, mbali na jua, ule iliyoiva zaidi kwanza.

Mahindi mabichi ni kinyume chake. Sukari yake huanza kugeuka wanga tangu dakika yanapovunjwa, na joto huharakisha. Hayo ndiyo ya kuweka kwenye baridi mara moja, yakiwa na maganda yake, na kuyapika usiku ule ule. Wakati mwingine ukitoka shambani, bandika maji jikoni kabla hujavua viatu.